Tuzo ya nyumba kongwe Lamu apewe nani?

Lamu inajua kushindana. Tamasha la Utamaduni likifika, watu hujaa pwani kutazama mbio za punda na mashua, na wazee wa bao nao wana zamu yao. Wapo wanaotaka nyumba kongwe zilizotunzwa vizuri nazo zitolewe tuzo kila mwaka, na mimi niko upande wao. Lakini wanaolipinga wazo hili hawana husuda. Wana hoja, tena nzito, na ni vyema zisikilizwe kabla kikombe hakijanunuliwa.

Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza mji wa kale wa Lamu, eneo la hekta zipatazo 16 tu, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Sifa ikawa ya mji mzima, mzigo ukabaki kwa mwenye nyumba. Sheria ya Makavazi na Urithi ya mwaka 2006 haimruhusu kubomoa au kuongeza ghorofa apendavyo. Anayeishi humo na mshahara wa kawaida anaona masharti, haoni shukrani. Tuzo ingekuwa angalau mkono wa ahsante kwa mtu huyo.

Na kutunza ni kazi kweli. Chokaa ya asili inataka matumbawe yapangwe juu ya tanuri la magogo, yachomwe, yamwagiwe maji, yaachwe mpaka yaive, ndipo fundi aanze kupaka. Saruji iko dukani kwa mfuko, na ukuta unakauka upesi. Tatizo ni kwamba ukuta wa matumbawe hunyonya maji ya ardhini pamoja na chumvi yake. Chokaa huyapa njia ya kutoka, saruji huyafungia ndani. Pita vichochoro vya mtaa wa Mkomani, ndani ya mji wa kale, utazame kuta zilizopigwa saruji kwa chini: rangi ina mabaka, plasta inabanduka vipande vipande, na juu ya mstari wa saruji unyevu unazidi kupanda. Ukifika kwenye boriti, miti ya mikoko inayobeba dari, ile ncha iliyozama ukutani ndiyo inayooza kwanza, na hutaiona mpaka dari ianze kulegea. Aliyekataa njia ya mkato akatafuta chokaa ameufanyia mji mzima wema, kwa sababu nyumba za Lamu zimebanana na ikianguka moja jirani hasalimiki.

Sasa upande wa pili. Kwa miongo kadhaa nyumba za Mkomani na za kijiji jirani cha Shela zimekuwa zikinunuliwa na wageni wenye fedha. Wengi wao huzifufua kwa ustadi mkubwa: zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, zinarudi kama zilivyokuwa, milango ya kuchonga inang'aa. Ukiweka mashindano ya nani ana nyumba nzuri zaidi, hao watashinda, na cheti kitatundikwa katika nyumba inayofungwa sehemu kubwa ya mwaka. Bei ya nyumba itapanda, na mtoto wa mji atazidi kusogezwa nje ya mtaa wa babu yake. Woga huu naukubali kabisa.

Kisha kuna mirathi. Nyumba moja inaweza kuwa na warithi wengi, mmoja Mombasa, mwingine Ghuba, kila mmoja na fungu lake na hakuna mwenye uwezo wa kutengeneza peke yake. Watu kama hawa kikombe hakiwasaidii lolote. Wanaopinga wanauliza: fedha ya sherehe na wageni rasmi, kwa nini isinunue mirunda ya kushikilia dari iliyoanza kulegea? Wana mfano wa karibu pia. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia orodha ya UNESCO mwaka 2000, na bado sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kihistoria la mji huo, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, ikaua watu wawili. Heshima haikuushika ukuta.

Miji inayotoa tuzo hizi haiishii kwenye makofi. Chicago, kwa mfano, ina tume ya majengo ya kihistoria inayotuza uhifadhi bora, lakini pembeni yake mmiliki wa jengo lililotangazwa rasmi anaweza kupata nafuu ya kodi akilikarabati. Lamu tukichukua kikombe tukaiacha nafuu, tutakuwa tumechukua nusu isiyo na faida.

Kwa hiyo naiunga mkono tuzo, kwa masharti. Ituze matunzo ya nyumba inayokaliwa mwaka mzima, hata kama rangi yake imefifia. Zawadi iwe chokaa, boriti na siku za fundi. Boriti zenyewe si jambo la kuchukulia kuwa zipo tu: serikali iliposimamisha ukataji miti mwaka 2018, wakata mikoko wa Lamu nao walikumbwa. Na jina la fundi lisomwe pamoja na la mwenye nyumba. Anayejua kuchonga zidaka kwa plasta au kupima chokaa kwa mkono ana elimu ambayo kijana hataifuata iwapo anaona haina heshima wala kipato.

Sharti la mwisho ndilo ninalolishikilia zaidi. Nyumba ya Lamu kwa desturi hupewa binti anapoolewa, na baadhi zimeunganishwa kwa wikio, kivuko cha juu ya kichochoro, ili wanawake wapite bila kushuka barabarani. Waamuzi wanaume, hasa wasio wa ukoo, watakaribishwa dakani, kwenye baraza la mlangoni, wataona mlango, na watatuza mlango. Uharibifu uko jikoni, chooni, na kwenye dari ya chumba cha ndani kabisa. Wanaoujua ni wanawake wanaoteka maji humo na kukinga mvua kwa masufuria. Nusu ya jopo wawe wao, wakae na mafundi wawili wa chokaa, na kila nyumba ikaguliwe mara mbili: kiangazi, kisha baada ya masika.