Lenzi ndizo zichague kamera

Nilikuwa natafuta chaja. Nyuma kabisa ya kabati, chini ya mabegi mawili, nikakuta mfuko wa ngozi wenye Canon AE-1 ambayo sikuwa nimeigusa kwa miaka minne. Nilipofungua mgongo wake, sponji nyeusi inayozuia mwanga usipenye ilikuwa imeyeyuka na kuwa kama lami. Ilinigandia kwenye kidole gumba, nikahangaika nayo kwa spiriti na pamba. Nikaitoa lenzi yake ya milimita 50 na kuimulika kwa tochi kutoka nyuma. Pembezoni mwa kioo kulikuwa na nyuzi nyembamba nyeupe, zimetawanyika kama mizizi midogo. Fangasi.

Kamera ile niliipenda, na niliiweka kwenye mfuko wa ngozi kwa nia ya kuitunza. Kumbe mfuko ndio ulioiharibu lenzi. Ngozi hushika unyevu, na fangasi hawahitaji zaidi ya hapo: unyevu, giza, na kitu kisichosogezwa. Wakishakaa hutoa asidi inayokula ule utando mwembamba wa rangi uliopakwa juu ya kioo, na utando ukishaliwa, fundi atasafisha lakini alama itabaki. Sponji huoza hata ukiwa umefunga mlango. Grisi hukauka ndani ya gurudumu la kulengea. Mafuta hutambaa hadi kwenye vile vipande vinavyofungua na kufunga tundu la lenzi, vikaanza kunata.

Kwa hiyo nasema wazi: kamera isiyopigiwa picha haitunzwi. Inaharibika taratibu mahali usipopaangalia, na wakati huohuo kuna mtu mahali fulani angeitumia kila wiki. Hiyo ndiyo sababu nilianza kupunguza, wala si kukosa nafasi. Nilikuwa na bodi 9, yaani kamera zenyewe bila lenzi, na lenzi 22. Nimebaki na bodi 3 na lenzi 5.

Wengi wakitaka kupunguza huanza kwa kupanga kamera mezani na kujiuliza ipi bora. Mimi nilianza hivyo pia na nikakwama siku nzima, maana kila kamera ina jambo lake. Nilipogeuka nikaanza na lenzi, kazi ikaenda. Bodi ya kidijitali huzeeka upesi, kihisi kipya cha mwanga hutoka, betri huacha kutengenezwa. Lenzi nzuri huishi muda mrefu kuliko bodi kadhaa. Nikon ilianza na kifungio chake cha F, sehemu ambapo lenzi hushikana na bodi, mwaka 1959, na lenzi nyingi za zamani za kifungio hicho bado zinapiga kazi leo. Canon, kwa upande wake, ilipoleta kifungio cha EF mwaka 1987, iliziacha lenzi zake za FD bila bodi mpya ya kufungiwa. Kwa miaka mingi zilikuwa kama mali ya mirathi isiyo na mrithi.

Zilizoziokoa ni kamera za kisasa zisizo na kioo cha ndani cha kuakisi (mirrorless). Kwenye Nikon ya kifungio cha F, kutoka mdomo wa kamera hadi kwenye filamu ni milimita 46.5; kwenye Nikon Z za tangu mwaka 2018 ni milimita 16 tu. Pengo hilo ndilo linaloacha nafasi ya adapta, na ndiyo maana lenzi ya mwaka 1972 inaweza kukaa kwenye bodi ya juzi na kulenga hadi upeo wa macho. Ukilielewa hilo, swali zito si kamera ipi ibaki. Swali ni lenzi zipi utalia ukizikosa, na bodi ipi moja itazibeba nyingi kati ya hizo.

Hapa kuna mtego mmoja ambao nusura uninase. Nilikuwa na Nikkor, jina la lenzi za Nikon, ya 85 f/1.8D, lenzi tamu kwa picha za watu, na bodi ya D700 ya mwaka 2008. Nikajiambia: nauza D700, nabaki na 85, naifunga kwenye Nikon Z kwa adapta. Bahati nzuri niliijaribu kwanza. Lenzi za aina hiyo hazina mota ndani yake. Huzungushwa na mota iliyo kwenye bodi, kupitia kijiti kidogo kama bisibisi. Adapta ya FTZ, ile ya Nikon ya kufungia lenzi za F kwenye Z, haina mota hiyo. Lenzi inafungika, inapiga, ila kulenga ni kwa mkono. Kwa mtoto anayekimbia, hiyo si lenzi tena. 85 na D700 ni mke na mume; nikaziuza pamoja kwa mtu mmoja, na nina hakika nilifanya sawa. Kabla hujatenganisha lenzi na bodi, zifunge pamoja na hiyo utakayobaki nayo na upige nazo siku mbili.

Baada ya hapo nilihesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari, nami daftari lilikuwepo muda wote: picha nyingi za kidijitali hubeba ndani yake jina la lenzi na milimita zilizotumika, na programu nyingi za kupanga picha zinaweza kuchambua kwa hilo. Nilichuja picha za miaka mitano, nikahesabu zile tu nilizozichapa au kumpa mtu, maana picha za kujaribu zinadanganya. Zaidi ya nusu zilikuwa za 35. Lenzi yangu pana ya 20, niliyoihifadhi kwenye boksi lake na karatasi zake, haikufikisha picha kumi.

Zumu ya 24–70, lenzi moja inayotembea kati ya milimita hizo, ndiyo iliyonifunza zaidi. Kwa kuangalia idadi tu, ilistahili kubaki. Nilipotazama milimita, picha zilikuwa zimerundikana kwenye 35 na kwenye 70, katikati karibu patupu. Maana yake nilikuwa nabeba mzigo mkubwa kufanya kazi ya lenzi mbili ndogo. Iliondoka. Mpiga picha wa harusi angeona kinyume kabisa, na angekuwa sahihi, kwa sababu yeye hawezi kumwambia bibi harusi asubiri abadilishe lenzi.

Sasa, lenzi za 50. Yeyote aliyewahi kukusanya kamera za filamu ana zaidi ya moja, kwa kuwa kamera hizo ziliuzwa zikiwa nazo. Mimi nilikuwa nazo tano, ukijumlisha na jamaa zake wa karibu: ile ya Canon yenye fangasi, Takumar ya 50 f/1.4 ya Pentax Spotmatic, Nikkor ya 50 f/1.4, Micro-Nikkor ya 55 f/2.8, na Helios 44-2 ya Kisovieti yenye 58. Niliweka birika na ua dirishani, nikafunga kamera kwenye stendi, nikapiga kwa kila lenzi mara mbili: tundu likiwa wazi kabisa, kisha likiwa limebanwa hadi f/8. Nikaficha majina na kuacha siku mbili zipite.

Kwa f/8 sikuweza kuzitofautisha, isipokuwa ile ya Canon, ambayo picha zake zilikuwa zimefifia kidogo kama zimepitiwa na moshi. Zikiwa wazi, Helios ilijitaja yenyewe kwa ile mandharinyuma inayozunguka kama maji kwenye sinki. Inavutia, lakini picha ya tatu ya aina hiyo tayari inachosha. Iliyobaki ni Micro-Nikkor 55, inayoingiza mwanga mdogo kuliko zote ikiwa wazi. Hiyo inafanya kazi ya 50, na pia inasogea karibu hadi kitu kionekane kwa nusu ya ukubwa wake halisi kwenye filamu. Saa ya mkono, ukurasa wa barua ya zamani, jicho la panzi. Kuiachia ile Nikkor f/1.4 kuliniuma, na bado kunaniuma.

Kuna na zile zinazobaki kwa jina. Nikkor ya 105 f/2.5 inasifika kwa sababu Steve McCurry aliitumia mwaka 1984 kumpiga picha yule msichana wa Afghanistan mwenye macho ya kijani. Ni lenzi nzuri kweli, ila picha ile ni ya McCurry na ya msichana. Nilikuwa nayo miaka sita na sina uso hata mmoja nilioupiga nayo ninaoukumbuka. Ilikuwa inakaa kwangu kwa heshima ya picha ya mtu mwingine. Imepata mwenyewe.

Kwa kanuni ya kuhesabu, Mamiya RB67 ingekuwa ya kwanza kuondoka. Ina uzito wa zaidi ya kilo mbili, filamu moja ya 120 inatoa picha 10 tu, na mwaka jana niliitoa mara tatu. Imebaki, na lenzi yake ya 90. Negativu yake ina eneo la zaidi ya mara nne ya negativu ya kawaida ya milimita 35, na hakuna kitu kingine kabatini kinachonipa ile ngozi ya mtu iliyo laini na nywele zinazohesabika kwa wakati mmoja. Kwa hiyo idadi peke yake haitoshi. Uliza pia, hiki kikiondoka, kuna kazi itakayokosa wa kuifanya? Kwa lenzi ya 20 jibu lilikuwa hapana. Kwa Mamiya jibu lilikuwa ndiyo, bila kusita.

Nikon FM2, kamera yangu ya filamu, haikuwa na mjadala. Shata yake ni ya mitambo hadi 1/4000 ya sekunde, betri ni za kipima mwanga tu, zikiisha kamera inaendelea. Inatumia lenzi zilezile ninazofunga kwenye Z. Sasa iko na filamu ndani, na vyote vilivyobaki viko kwenye sanduku lenye kipima unyevu, kati ya asilimia 40 na 50. Mifuko ya ngozi nimeitoa yote.

Na unapomkabidhi mtu, mmulikie tochi mwenyewe. Yule aliyechukua AE-1 nilimwonyesha nyuzi zile moja moja kabla hajaniuliza, akaichukua kwa ajili ya bodi na kunirudishia lenzi. Fangasi hazifichwi.

Spotmatic na Takumar yake nimempa mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye ameanza kupiga filamu. Siku ya kwanza aliiweka lenzi juu ya karatasi nyeupe, akachungulia.

"Mjomba, mbona kioo chake cha manjano?"

Nikamweleza kwamba baadhi ya lenzi hizo zilitengenezwa kwa kioo chenye thoriamu, madini yenye mionzi kidogo, na kioo hicho hugeuka manjano kadiri miaka inavyopita. Dawa yake ni jua. Ameiweka dirishani, kioo cha nyuma kikitazama nje, kifuniko na karatasi ya foili upande wa pili ili isikusanye miale ikachoma pazia. Kila Jumapili anaipiga picha juu ya karatasi ileile nyeupe na kunitumia. Ya wiki ya kwanza ilikuwa rangi ya chai ya rangi. Ya juzi, wiki ya tano, imebaki rangi ya ganda la ndimu iliyoiva.