Jani la makrut, na neno ambalo masikio yetu hayalisikii sawasawa

Majani ya ndimu yanayotiwa kwenye supu ya tom yum ya Thailand yameuzwa kwa miaka mingi, popote lebo zinapoandikwa kwa Kiingereza, kwa jina la "kaffir lime". Jina hilo linaondoka. Mwaka 2022 maduka ya Waitrose ya Uingereza yalitangaza kwamba pakiti zao zitaandikwa "makrut", na waandishi wengi wa mapishi walikuwa wameshahama kabla ya hapo. Habari hii ikiwafikia wasomaji wa Kiswahili, swali huwa lile lile: kafiri ni asiyeamini, neno la Kiarabu, limo ndani ya Kurani. Tusi liko wapi?

Swali ni la haki, maana neno lilipita mikononi mwetu. Wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani hii waliwaita makafiri watu wa bara na wa kusini wasiokuwa Waislamu. Wareno wakalichukua likawa "cafre", Waholanzi na Waingereza wakalipokea kwao. Tena si sisi peke yetu tunaolisikia bila kushtuka. Sri Lanka, upande wa Puttalam, ipo jamii ndogo yenye asili ya Afrika inayojiita Kaffir kwa kauli yake yenyewe, na wapo wanaodhani jina la ndimu hii lilitokea kisiwani humo. Anayesema kwamba mtaji jina wa kwanza huenda hakumkusudia mtu yeyote ubaya hasemi upuuzi.

Lakini pakiti haisomwi na yule mtaji jina. Inasomwa na mpishi wa Durban, na kwake historia ya neno ni nyingine kabisa. Afrika Kusini neno hili lilikuwa la kuitia mtu kazini, la kumfukuzia dukani, la kumpigia. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilikataa mfanyakazi wa mamlaka ya kodi arudishwe kazini baada ya kumwita hivyo msimamizi wake. Mwaka 2018 mwanamke mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 3, mmoja ukiahirishwa, kwa kuwatukana kwa neno hilohilo polisi waliokwenda kumsaidia. Mara 48. Mtu alikaa akazihesabu, na hesabu ikapelekwa mahakamani kama zinavyohesabiwa fimbo alizopigwa mtu mgongoni. Neno ambalo kwetu hubishaniwa darasani na msikitini, huko lina idadi ya mapigo. Halafu mtu huyohuyo anayebeba kumbukumbu hiyo aende kwenye rafu ya viungo amwambie muuzaji, nipe majani ya hilo neno.

Wala si mara ya kwanza jina hili kufika mezani. Mtama uliitwa "kaffir corn", na pombe yake "kaffir beer". Kwa sheria ya mwaka 1908 ya Natal, koloni lenye mji wa Durban, miji ilipewa haki ya kuhodhi biashara ya pombe hiyo. Durban ikawa inawauzia Waafrika kinywaji walichokuwa wakipika nyumbani kwao, na faida yake ikagharimia utawala uliowabana. Wanawake waliozoea kupika na kuuza wakawa wahalifu. Mwaka 1959, huko Cato Manor, Durban, walivamia jumba la pombe la manispaa. Mwaka 1962 serikali ikatunga sheria mpya, na kinywaji hicho kikaitwa "pombe ya Kibantu".

Hapo ndipo hoja ya upande wa pili, kwamba kubadilisha jina tu hakubadilishi kitu, ina nguvu kweli, nami naikubali. Jina lilibadilika, fedha zikaendelea kuingia mfuko uleule. Kampuni inayobadilisha lebo bila kugusa kingine chochote haijamlipa mtu deni. Ila hoja hii inatuambia kwamba lebo haitoshi. Haituambii kwamba lebo ya zamani ibaki.

Wanasayansi wa mimea nao wamepita njia hii. Katika mkutano wao wa Madrid, Julai 2024, walipiga kura kuhusu kuyabadilisha majina ya Kilatini yaliyotokana na neno hili, yakiwamo "caffra" na "caffrum", kwenye mimea, kuvu na miani zaidi ya 200. Kura 351 zilikubali, 205 zikakataa. Waliokataa walikuwa na hofu inayoeleweka: jina la kisayansi likianza kuguswa kwa sababu ya maana yake, kazi itaishia wapi? Dawa iliyopatikana ni ndogo ajabu. Inaondolewa herufi moja, c ya mwanzo, na "caffra" inakuwa "affra", ya Afrika. Kayaba, ule mti wa miiba wa kuzungushia ua unaojulikana sana Kenya, umo kwenye orodha: Dovyalis caffra inakuwa Dovyalis affra.

Ndimu yetu haihitaji hata hilo. Kilatini ni Citrus hystrix, yaani nungunungu, kwa miiba yake. Wathai huiita makrut, Wamalei limau purut, Waindonesia jeruk purut. Hofu kwamba mnunuzi atapotea ina jibu la kazi: mbele ya pakiti iandikwe makrut, nyuma jina la Kilatini, na katika duka la mtandaoni neno la zamani liwekwe kwenye mfumo wa utafutaji tu, ili anayeliandika afikishwe kwenye bidhaa ileile. Pakiti zilizokwisha chapishwa zimalizike, lebo mpya iingie na uchapaji unaofuata.

Kinachomchanganya mpishi ni umbo la jani. Linaonekana kama majani mawili yaliyoungwa ncha kwa ncha, kwa sababu kikonyo chake kimepanuka kikawa jani la pili. Kwa hiyo mapishi yakisema "majani 4", mmoja anatia vipande 4 na mwingine 8, na supu ya wa pili inakuwa kali kama manukato. Jina la zamani halikuwahi kumsaidia mtu hapo. Kinachosaidia ni kuandika "majani 4 mapacha, ondoa uti wa kati, chana".

Wanaotafsiri mapishi kwa Kiswahili ndio ninaowahofia zaidi. Akilibeba neno kwa neno, mtu ataandika "majani ya ndimu ya kafiri", na mama wa Unguja atasimama na pakiti mkononi akijiuliza kama ni halali kwa futari.