Sura hiyo haimo

Mwaka 2015 niligombea udiwani Mbagala, upande wa upinzani. Dhamana ilikuwa shilingi 5,000 tu, na hiyo ndiyo hela pekee ya uchaguzi ule ambayo siijutii. Nyingine zote zilikwenda kwenye fulana, chai ya mawakala na misiba. Hasa misiba. Ukishachukua fomu, kata nzima inakuandikia mahudhurio: ulizika? Ulitoa ngapi? Ulishika jeneza au ulisimama pembeni na simu?

Ndiyo maana siku ya mkutano wangu mkubwa nilikuwa makaburini mpaka saa kumi kasoro. Katibu wangu wa kampeni, ambaye ni mpwa wangu, alishatangulia na spika. Akanitumia meseji: "Anko, uwanja wa shule. Wahi." Nikadandia bodaboda, nikamwambia kijana anipeleke kwenye mkutano wa kampeni. Hakuuliza upi. Alifuata muziki.

Sasa, mwaka ule mipaka ilichorwa upya. Mbagala yenyewe ndiyo kwanza ilikuwa imepewa jimbo. Kata yetu ya zamani iligawanywa mbili na mpaka ukapitishwa kwenye mtaro, ule ambao mvua ikinyesha unahamia sebuleni kwa watu. Huku kuna shule yenye uwanja, ng'ambo nako kuna shule yenye uwanja. Na ile kata ya ng'ambo, katika kuachiana kwetu kwa Ukawa, ule umoja wa vyama vya upinzani, tuliwaachia washirika. Mgombea wao alikuwa dada mmoja muuza samaki, mwenye sauti isiyohitaji umeme.

Nilipofika nikapigwa na butwaa. Turubai! Viti vya plastiki! Matarumbeta! Bendera zetu na za washirika zinapepea pamoja, kama ilivyokuwa kawaida ya msimu ule. Sisi wa udiwani hatukuwa na ubavu wa kujaza uwanja wa Zakhem, lakini pale palikuwa hapatemeki mate. Moyoni nikasema, huyu mpwa wangu nimemdharau bure. Laki mbili niliyompa ndiyo imefanya yote haya?

MC alipoiona fulana yangu akadaka kipaza sauti: "Mgeni wetu kafika! Apishwe, apishweee!" Hilo neno "mgeni" nililisikia vizuri kabisa. Nikalichukulia kama mbwembwe.

Niseme ukweli, siku ile niliwaka. Niliushika mtaro nikaukamua. Nikaahidi zege mpaka Mto Mzinga. Kila nikiutaja, vigelegele. Simu inatetemeka mfukoni, naibana na paja. Nikaona sasa chuma kimeiva, nikashusha sauti kama wakubwa wanavyofanya:

"Tarehe 25 Oktoba utapewa karatasi ya rais, utapewa ya mbunge, utapewa na ya diwani. Kwenye hiyo ya diwani, tafuta sura hii!"

Nikajishika kidevu, nikageuka kulia, nikageuka kushoto, waione vizuri.

Kimya. Hata tarumbeta lililokuwa limeanza kulia likakatikia njiani. Mstari wa mbele bibi mmoja aliyekuwa akimenya chungwa akasitisha kisu.

"Mwanangu, sura hiyo kwenye karatasi yetu haimo."

"Itakuwemo, bibi yangu."

"Haimo. Wewe si wa ng'ambo? Si umekuja kumwombea dada kura?"

Ndipo kirikuu ikapiga honi nyuma ya turubai, na dada mwenyewe akashuka, kanga kiunoni. Akapanda jukwaani bila haraka, akaninong'oneza: "Kaka, ratiba unayo?"

Ratiba ninayo. Tuliisaini wote kwa msimamizi msaidizi. Uwanja ule, saa kumi, ni wake.

Nilingoja aniadhiri. Badala yake akachukua kipaza: "Ndugu zangu, huyu kaka kaniunga mkono kwa moyo wote, mpaka akajisahau akadhani yeye ndiye mimi! Haya kaka, malizia. Diwani wa hapa nani?"

Nikataja jina lake.

"Hawajasikia!"

Nikalitaja mara tatu, ya mwisho nikiwa nimenyanyua ngumi. Halafu nikaonyeshwa kiti, nikakaa kama mtoto aliyechapwa mbele za wageni, nikamsikiliza akiahidi mtaro uleule, zege lilelile. Tofauti ni kwamba yeye aliaminiwa.

Nilipochomoka na kutoa simu, nilikuta mpwa kapiga mara 23. Meseji ya mwisho: "Anko uko wapi? Wamebaki kumi na moja, na mmoja anauza karanga." Saa kumi na mbili kasoro kumi, na saa kumi na mbili kamili kampeni zinafungwa. Nikaona barabarani nitachelewa, nikakata kwenye mtaro. Kiatu cha kushoto kilibaki humo, na nadhani kimo mpaka leo.

Uwanjani kwangu nilimkuta mpwa anakunja nyaya, pamoja na yule wa karanga. Nilimhutubia dakika nne, mguu mmoja soksi. Alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akaniuliza kama nachukua za mia mbili au za mia tano.

Dada alishinda. Mimi tusiongelee. Siku hizi nikipita Rangi Tatu huniita kwa sauti ileile, "Meneja wangu wa kampeni!", soko zima ligeuke. Na kwenye bei ya vibua hanipunguzii hata mia.