Ngezi kwa baiskeli: njia tunazo, tatizo ni maji

Wazo la kuchonga njia mpya za baiskeli ndani ya Msitu wa Ngezi limekuwa likizungumzwa sana kwenye baraza za huku kaskazini mwa Pemba. Wanaolipenda wanataka njia nyembamba, yenye kona za kulalia na vituta vya kurukia, ianzie upande wa Konde itokee pwani ya Vumawimbi. Mgeni atalipa, kijana atapata kazi, kila mtu atafurahi. Mimi napanda baiskeli, na kila nikipata nafasi nashuka nayo vilima vya Konde mpaka machozi yanitoke kwa upepo. Wazo hili silitaki.

Mchezo wenyewe wa baiskeli za milimani ulizaliwa kwenye njia zilizokuwepo. Huko Marin County, California, katika miaka ya 1970, kundi la vijana lilichukua baiskeli kuukuu za matairi manene, wakazipandisha mlimani kwa pikapu, wakateremka nazo kwenye barabara za vumbi zilizokatwa kwa ajili ya wazima moto. Mwaka 1976 wakaanza kushindana. Mteremko wao waliuita Repack, yaani "jaza upya", kwa kuwa breki zao zilikuwa zile za kurudisha pedeli nyuma, na mtu akifika chini grisi yote ya ndani ya habu, kitovu cha gurudumu, ilikuwa imeungua ikawa moshi. Ilibidi afungue gurudumu, ajaze grisi upya, ndipo apande tena. Miaka 20 baadaye mchezo huo ulikuwa kwenye Olimpiki ya Atlanta. Hakuna aliyewachongea kituta hata kimoja.

Na sisi je? Pemba haina kilima kinachofika hata mita 150, lakini muulize yeyote aliyewahi kupakia gunia la mbata kwenye keria akalitoa shamba mpaka Wete. Upande wa magharibi kisiwa hiki hakijui kukaa sawa. Unashuka bonde la mpunga, unavuka kijito kwa gogo, unapanda katikati ya mikarafuu, na kabla pumzi hazijarudi unashuka tena. Vijia vya miguu vimeshikana shamba kwa shamba, kitongoji kwa kitongoji, kutoka skuli hadi msikitini hadi kisimani. Vilikuwepo kabla ya lami, na vingi havimo kwenye ramani yoyote ya simu.

Ubaya wa vijia hivi ni kwamba vimekatwa na watu wenye haraka. Mtu wa miguu hushuka kilima moja kwa moja, na maji ya mvua hupenda njia hiyohiyo. Nendeni mkatazame kijia chochote cha mteremko mwishoni mwa masika. Juu kabisa kina upana wa hatua moja. Katikati kimeshalika hadi magotini, mizizi ya mikarafuu imebaki inaning'inia hewani kama kamba, na pembeni yake watu wameshafungua kijia cha pili, na cha tatu, kukwepa utelezi. Ule udongo mwekundu uliotoka hapo mtauona chini, umeingia kwenye majaruba ya mpunga. Sasa ongeza matairi. Mgeni asiyejua mteremko hufunga breki ya nyuma, gurudumu linaburuza, na kila linapoburuza linaacha mfereji mdogo ambao mvua inayofuata itaumalizia.

Wajenzi wa njia za baiskeli duniani wana kanuni mbili zinazotutosha kabisa. Ya kwanza: njia ikate kilima kwa ubavu, na mwinuko wake usizidi nusu ya mwinuko wa kilima chenyewe, huku kwa wastani ukibaki chini ya asilimia 10. Ya pili: kila baada ya masafa mafupi njia ishuke kidogo kisha ipande kidogo, ili maji yafike pale yatoke pembeni, yasipate nafasi ya kukusanya nguvu. Hii si elimu ngeni huku. Wapo wazee wanaolaza gogo la mnazi kwa mshazari katika kijia cha shamba lao, na maji yakifika hapo yanageuka kuingia kwenye migomba. Wape wazee hao majembe, vijana na posho ya siku, na vijia vya kutoka Konde hadi ukingoni mwa msitu vitapitika na baiskeli bila kumkatia mti mtu yeyote.

Ukingoni, nasema. Ndani ya Ngezi kwenyewe barabara iendayo Makangale ipo, inapita chini ya miti mikubwa, na mwenye baiskeli anaipita kwa raha kuliko mwenye gari maana ndege anawasikia. Inatosha. Msitu huu umebaki kama kipande cha Pemba ya zamani, kabla mikarafuu haijachukua vilima. Humo wamo popo wakubwa wa Pemba, ambao nyumbani kwao ni kisiwa hiki tu, na bundi wetu mdogo ambaye naye hapatikani kwingine duniani, na mpapindi, ambao ni mnazi-pori wa hapahapa. Popo hulala mchana wakiwa wametundikana mitini. Kelele za watu kumi wanaoteremka kwa mayowe chini yao si utalii wa mazingira, hata bango likisema hivyo.

Halafu kuna sehemu ya mchanga, ambayo wengi wanaopita kwa gari hawaijui. Msitu unakwisha ghafla, miti inakuwa mifupi, unajikuta kwenye vichaka vyenye majani membamba kama nyuzi. Wataalamu wa mimea wanakiita kichaka hiki Erica mafiensis, jamaa wa vichaka vinavyoota juu kwenye Kilimanjaro baada ya msitu kwisha, na jamaa wa ile mimea inayofunika nyanda za baridi za Uskoti. Kwetu kiko karibu na usawa wa bahari, kwenye mchanga mweupe uliooshwa rutuba yote na mvua za miaka na miaka. Ardhi ya namna hiyo haina cha kushikilia. Ukiuvunja utando wa mizizi wa juu kwa tairi, unapata mchanga mtupu, na mchanga mtupu haurudi kuwa kichaka kwa amri ya mtu. Wenzetu wa Uingereza wenye nyanda za mimea ya jamaa hii wamelazimika kutandaza mawe mapana ili watu wasizame na wasizidi kupanua njia. Sisi hatuna sababu ya kufika huko. Hapo baiskeli isiingie, basi.

Anayetaka uwazi na upepo aende mashariki, Micheweni, kwenye uwanda. Kule ni mawe ya matumbawe, majani mafupi, ng'ombe waliofungwa kamba na bahari mbele. Abebe tyubu za akiba, maana jiwe la kule linachoma kama sindano.

Kuhusu adabu ya njia, Uingereza iliruhusu baiskeli kwenye njia za farasi kwa sheria ya mwaka 1968, kwa sharti kwamba mwenye baiskeli ampishe anayetembea na aliye juu ya farasi. Farasi hatuna, lakini sharti tunalihitaji. Juzi nilikutana na mama mtu mzima amejitwika kuni, kijia hakina nafasi ya wawili. Nikashuka. "Pita mwanangu, wewe una chombo," akaniambia. "La bibi, pita wewe, mimi sina mzigo." Jambo dogo, na kila mtoto wa hapa analijua bila kufundishwa. Mgeni halijui. Ndiyo maana nataka kila msafara uongozwe na kijana wa shehia husika, yaani eneo lililo chini ya sheha, awe kwenye baiskeli yake mwenyewe hata kama ni Phoenix isiyo na gia, na ada igawanywe palepale kwa sheha mbele ya watu, ijulikane iliyokwenda kwenye majembe na iliyokwenda kwa kiongozi. Na awepo msichana miongoni mwa viongozi hao. Wasichana wanaoendesha baiskeli kwenda skuli wapo, na wanajua vijia kuliko sisi.

Masika zifungwe njia zote za mteremko, bila huruma na bila kibali maalumu kwa mtu yeyote. Msimu wa karafuu ukiingia, vijia vya mashambani ni vya wachumaji, wenye magunia kichwani na haraka ya kuwahi kuanika. Msafara usubiri au uzunguke. Na mpanda baiskeli atakayepitisha gurudumu juu ya jamvi la karafuu la mtu alipe pishi nzima, kwa bei ya siku hiyo.