Nanyuki Mwezi Gani? Uliza Mshahara

Ukiutazama kutoka Nanyuki, mji ulio chini yake, Mlima Kenya una madharau. Siku zake safi kuliko zote, zile kilele cha Batian kinaonekana na mita zake zote 5,199, umeziweka Januari na Februari. Januari, jamani! Mwezi wa karo, sare, madaftari, na landilodi anayepiga simu kabla hujanawa uso. Mwezi tuliouita Njaanuari kwa vinywa vyetu wenyewe ndio mlima unaamua kuvua ushungi wa mawingu.

Ngoja sasa hela ipatikane kidogo. Aprili shule zinafungwa, Pasaka imekaribia, na lile kundi la WhatsApp la familia linafufuka: "Twendeni Nanyuki!" Nani kawaroga? Masika ni Machi hadi Mei, na Aprili ndiyo inamwagika haswa. Utalipia chumba cha kutazama mlima, utazame ukungu siku tatu mfululizo, na ukungu ule ule Limuru, hapo nje ya Nairobi, unaupata kwa nauli ya matatu.

Halafu hizi nyumba za mbao za kupendeza za kukodisha wageni hazijengwi kando ya lami. Unakata kona, unaambiwa ni hapo tu mbele, na hapo mbele ni udongo mweusi. Ukikauka, hauna neno. Ukinyeshewa, unanata kwenye tairi tabaka juu ya tabaka mpaka gurudumu linakuwa andazi, halishiki chochote, na gari la chini linalala kwa tumbo. Vijana wa kusukuma watatokea, usiogope, ila bei yao hupanda kulingana na viatu ulivyovaa. Kwa hiyo kabla ya kutuma pesa uliza: kutoka lami ni kilomita ngapi, na njia ni changarawe au udongo? Mwenye nyumba akijibu "inapitika", hiyo maana yake ni udongo.

Desemba? Vuli huanza Oktoba, na Krismasi ikifika mara nyingi mvua imepungua. Mlima hauna kosa hapo, kosa ni sisi. Nairobi yote inapanda siku moja: Thika Road imeshonana, Kenol imeshonana, Karatina watu wanauziwa ndizi dirishani hawajaulizwa. Safari ya kilomita kama 200, ambayo ukiondoka saa kumi na moja alfajiri siku ya kawaida ni mwendo wa masaa manne hivi, inakula mchana wako wote. Na chumba ni bei ya sikukuu.

Agosti watu hukimbia kijibaridi cha Nairobi wakaende kupata jua. Jua lipo, silikatai, ingawa upande huo wa Laikipia hupata manyunyu ya mchana Julai na Agosti. Lakini usiku! Mtu anabeba kaptura na miwani ya jua kwenda mji ulio chini ya barafu. Nanyuki iko mita 1,900 na ushei, haijaipita Nairobi kwa mengi, ila mbingu ikiwa wazi joto la mchana linapaa lote na hewa ya mlimani inateremka. Beba sweta nzito, soksi na kofia ya sufu, hata hiyo Februari. Uliza pia kuni za meko zimo kwenye bei au unauziwa kwa fungu, na maji ya kuoga yanachemshwa na nini. Yakiwa ni ya sola na mchana kulikuwa na mawingu, utaoga kwa imani.

Mimi naona mwezi wa akili ni Septemba. Shule zimefunguliwa, vuli haijaanza, barabara imepumua, na katikati ya wiki hata bei inazungumzika. Ugumu ni kumweleza bosi kwa nini unaumwa Jumanne hadi Alhamisi.

Na ukishafika, usilale mpaka chai ya saa nne! Jua likichoma miteremko, hewa yenye unyevu inapanda, na kufikia saa hiyo mawingu yamekwishafunga duka. Tazama kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi. Dirisha liwe la kusini-mashariki, maana kutoka mjini mlima uko huko. Jua huchomoza upande huo huo, basi alfajiri utauona mweusi tii. Anayetaka picha yenye rangi asubiri jioni, mawingu yakimhurumia.

Wale wa kupanda hadi kilele cha Lenana, mita 4,985, wana kilio chao. Miezi ni ile ile mikavu. Mvua ikiwa imekolea, njia ya Naro Moru ina kinamasi cha kumeza gambuti. Ya Sirimon ni kavu zaidi. Mwezi mpevu unasaidia, kwa sababu mwendo wa mwisho huanza saa nane au tisa usiku. Chupa ya maji ilaze kichwa chini, barafu hugandia juu, mdomo ubaki wazi. Na huyo anayetaka kwenda na kurudi wikendi moja, Jumatatu awe kazini, kichwa kitamuuma mpaka amtapikie kiongozi wa msafara, kisha Jumapili usiku atume kwenye kundi picha ya geti la hifadhi tu.