Kateni vyote kwenye bajeti ya safari, ila hela ya mwongozaji msiiguse

Kuna mtindo umeingia kwa sisi vijana tunaosafiri na begi mgongoni na mimi naupinga waziwazi. Washkaji wanapiga hesabu kwenye grupu la WhatsApp, nauli hii hapa, gesti hii hapa, msosi, bando, halafu mchango ukipelea kitu cha kwanza kukatwa ni hela ya mwongozaji, eti ramani si ipo kwenye simu. Hapana jamani. Laleni gesti ya bei chee, kuleni kwa mama ntilie, kaeni siti ya nyuma kabisa ya kosta, ila mtu wa kuwatembeza msituni na visiwani mlipeni, tena msimkandamize bei mpaka akubali kwa shida zake.

Safari ninayoisemea ni ya Tanga mpaka Pemba, msitu kwanza bahari baadae, nimeipiga na marafiki zangu na naipendekeza kwa yeyote. Mnashuka Muheza, mnatafuta gari la Amani au bodaboda, barabara ya vumbi inapanda milima ya Usambara Mashariki kupitia Zigi na mvua ikinyesha ni utelezi mtupu kwahiyo msiende mkiwa na haraka. Amani ndio hifadhi ya kwanza ya mazingira asilia Tanzania, ilitangazwa 1997, ila habari zake ni za zamani zaidi manake Wajerumani walifungua kituo cha utafiti hapo 1902 wakaleta miti toka pande nyingi za dunia kuijaribu. Sasa wewe ukifika unaona kijani tu, unapiga picha unaandika msitu wa asili. Mwenyeji anakwambia huu ndio wa asili, ule uliletwa, na ule kule uliletwa ukasambaa mpaka unawabana wenzake. Anainama kwenye jiwe lenye unyevunyevu anakuonesha kimmea kifupi, majani yana vinyweleo laini, ua la zambarau, ungepita ukakikanyaga, kumbe ndio asili ya yale maua ya kwenye vyungu wanayopanga madirishani huko Ulaya, mbegu zilitoka Usambara miaka ya 1890 zikapelekwa Ujerumani na afisa wa kikoloni, Walter von Saint Paul-Illaire.

Usiku ndio utaelewa kabisa. Mzee aliyetuongoza alikuwa anatembea taratibu na tochi, ghafla anasimama, "wanangu njooni muone", tunakodoa macho hatuoni kitu, anasogeza mwanga karibu na kijiti, kuna kinyonga mdogo kama kidole, amelala, rangi imempauka yote, mkia ameukunja vizuri kabisa. Tulikuwa tumeshapita pale wote na tochi zetu. Yeye ndio akatueleza pia kwamba mto Zigi unaoanzia huko juu ndio unaoipa Tanga mjini maji, na tuliporudi mjini kuoga kwenye gesti nilikuwa naufikiria ule msitu, sijawahi kuyaangalia maji ya bomba hivyo.

Boti ya Tanga kwenda Pemba haiondoki kila siku, ulizieni mapema bandarini, na msikubali kupakiwa kwenye jahazi la usiku kisa bei, mkondo wa Pemba sio wa mchezo, una kina cha zaidi ya mita 700. Na hicho kina ndio sababu Pemba ina viumbe wake peke yake, maji yamekitenga kisiwa na bara kwa muda mrefu mno, ndio maana kuna ndege wa aina nne hawapatikani kwingine kokote duniani akiwemo bundi wa Pemba. Msitu wa Ngezi uko kaskazini huko, ukishapita Konde, na yule bundi bila mtu anayejua mti anaopenda kukaa utarudi bila hata kumsikia. Sisi tuliambiwa tunyamaze, tukanyamaza, giza likaanza kuingia, akaanza kuita juu yetu kabisa.

Halafu popo. Kwenye kijiji cha Kidike, hapohapo Pemba, wanaishi popo wakubwa wa Pemba, nao hawapo kwingine. Walikuwa wanawindwa kwa kitoweo na misitu inakatwa, mwishoni mwa miaka ya 1980 wakawa wamebaki wachache sana, sasa hivi wanahesabiwa kwa maelfu, na sehemu kubwa ya hiyo kazi wameifanya wanakijiji wenyewe kwa kuamua kuwalinda. Yani yule anayekupokea pale na kukuelekeza juu ya mti ndiye aliyewabakisha hao popo, au baba yake. Unaanzaje kumwambia bei yake kubwa?

Najua kuna watakaosema waongozaji wengine ni wababaishaji, na ni kweli wapo, anakudaka stendi hata msitu wenyewe haujui. Dawa yake ni kwenda getini au kwa watu wa kijiji chenyewe, pale Amani wapo, Ngezi wapo, na kisiwa cha Misali ukienda kwa boti tafuta nahodha anayefahamiana na wavuvi wanaopiga dago kule, yani wanaopiga kambi kuvua, atakwambia wapi kasa wanataga ili msikanyage na maji yanajaa saa ngapi. Gharama yenyewe mkiwa kundi mnagawana, kila mtu inamfikia hela ya kawaida sana. Mchangeni kabla ya kuondoka, akae nayo mtu mmoja, na isiguswe hata kama hela ya chipsi imeisha.