Manila si mkeka, jamani

Wenye maduka ya steshenari hapa Mtwara mjini, nina ugomvi na nyinyi. Mtu anatafuta manila ya kutengenezea albamu ya harusi ya mdogo wake, mnamtolea karatasi iliyoviringishwa kama mkeka na kubanwa mpira katikati. Unailaza chini ya godoro usiku kucha, asubuhi inajikunja tena. Za rangi mnazitundika mlangoni, jua linazipiga mpaka nyekundu inapauka upande mmoja. Upande huohuo ndio mnaouficha kwa ndani mkiviringisha.

Ila gundi ndiyo inayonichosha. Naomba ya fimbo, naletewa ya maji. "Dada, gundi ni gundi tu." Siyo! Ya maji inalowesha karatasi, nyuzi zake zinavimba, ikikauka ukurasa mzima una mawimbi. Na kwa unyevu huu wa pwani haikauki upesi, ukiifunga albamu mapema picha zinagandana uso kwa uso. Kuzibandua ni kumchuna bibi harusi pua. Selotepu nayo msinipendekezee: miaka ikipita inageuka njano na kuacha utando unaonata.

Vile vipembe vya karatasi vya kushikia picha bila kuipaka gundi, nikivitaja naulizwa ni vya nini. Basi navikata mwenyewe kwenye kona za bahasha. Mkasi wa kukatia kingo za mawimbi niliuona duka moja, kabatini, nikafurahi. Hauuzwi, ni wa mwenye duka.

Agizeni gundi ya fimbo, hata boksi moja. Nitalinunua lote.